Kukompaili Programu Huria kwa Ajili ya Kudibagi: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali yanayokuja kuhusu kudibagi, yaani kuchungulia ndani ya programu ili kutafuta hitilafu, ni yale yale. Nimeweka kituo cha kuisimamisha programu lakini dibaga haisimami. Nimebadilisha msimbo lakini programu inafanya vile vile. Kwa nini kila kigeu ninachouliza najibiwa `<optimized out>`? Ukifuatilia, wengi wa wanaouliza walishamaliza kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) bila shida yoyote. Kinachowakwamisha ni kwamba programu wanayoichunguza siyo ile waliyoijenga, au waliijenga kwa swichi (chaguo unazoipa kompaila) zinazomfaa mtumiaji anayetaka kasi, si mtu anayetaka kuona ndani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuthibitisha. Kukompaili kwenyewe ni amri mbili tatu tu.

Tutatumia GNU Hello, programu ndogo ya mradi wa GNU ambayo kazi yake ni kusalimia na kutoka. Usiidharau. Ilitengenezwa makusudi iwe mfano wa namna programu za GNU zinavyopangwa na kufungashwa, kwa hiyo utaratibu utakaouzoea hapa utaukuta kwenye programu nyingi mno. Ukishaimudu, hamia kwenye ile iliyokuleta hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kompyuta yenye Linux. Mwenye Windows atumie WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), hatua hazibadiliki. Mwenye Mac aanze na `xcode-select --install`, kisha atumie LLDB badala ya GDB, dibaga tutakayoitumia hapa. Amri za msingi kama `run`, `bt` na `b main` zinakubalika kote kuwili.

Zana. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential gdb git wget
```

Kwenye Fedora:

```
sudo dnf install gcc gcc-c++ make gdb git wget
```

Nafasi kwenye diski. Alama za kudibagi, tutakazozieleza hatua ya 4, hunenepesha faili kuliko unavyodhani. Kwa Hello hutahisi kitu, ila ukifika kwenye vivinjari kama Firefox, jiandae kwa makumi ya gigabaiti.

Huhitaji kuwa fundi wa C. Inatosha uweze kusoma mistari kumi ya msimbo na kukisia inafanya nini.

Hatua ya 1: Jua toleo lenye hitilafu

Kabla ya kupakua chochote, uliza programu iliyokusumbua:

```
hello --version
```

Andika namba hiyo mahali. Ukikompaili toleo jipya zaidi, huenda hitilafu ilishaondolewa, nawe utahangaika kutafuta kitu ambacho hakipo. Ukikompaili la zamani, utapata hitilafu nyingine zisizokuhusu.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: Debian, Fedora na wenzao huongeza viraka (marekebisho) vyao juu ya msimbo wa watunzi. Hitilafu ikitokea kwenye programu uliyosakinisha kwa `apt` lakini isitokee kwenye msimbo wa watunzi wa toleo lile lile, shuku viraka. Hapo chukua msimbo kwa `apt source hello`, ambao unakuja pamoja na viraka hivyo.

Hatua ya 2: Pata msimbo

```
mkdir -p ~/kazi
cd ~/kazi
wget https://ftp.gnu.org/gnu/hello/hello-2.12.1.tar.gz
tar xf hello-2.12.1.tar.gz
cd hello-2.12.1
```

Angalizo: jina la folda lisiwe na nafasi ndani yake. Folda inayoitwa `kazi zangu` itaikera skripti ya `configure`, nayo itakataa kuendelea huku ikilalamika kuhusu njia isiyo salama, na ujumbe wenyewe hautakuambia waziwazi kwamba nafasi ndiyo tatizo.

Programu nyingi siku hizi utazichukua kwa `git clone`. Tofauti mbili zizingatie. Kwanza, ukishapakua uko kwenye msimbo wa leo, siyo toleo lako. Orodhesha lebo kwa `git tag`, kisha nenda kwenye lebo husika kwa `git checkout`. Pili, faili la `configure` mara nyingi halimo kwenye repo (hazina ya msimbo), kwa kuwa huzalishwa na zana nyingine. Tafuta skripti yenye jina `autogen.sh` au `bootstrap` uiendeshe. Kama zote hazipo, `autoreconf -fi` kwa kawaida inatosha, ilimradi umesakinisha autoconf, automake na libtool.

Utaona watu wakishauri `git clone --depth 1` ili kupunguza upakuaji. Kwa anayetaka kutumia tu, sawa. Kwa anayedibagi nashauri usifanye hivyo, kwa sababu unajinyima historia, na bila historia huwezi kutumia `git bisect` kutafuta ni badiliko lipi lililoleta hitilafu.

Hatua ya 3: Sakinisha vitegemezi

Vitegemezi ni maktaba na zana ambazo programu huzihitaji ili ijengwe. Hello haihitaji chochote cha ziada, kwa hiyo unaweza kuruka hatua hii leo. Kwa programu nyingine, njia ya mkato kwenye Debian na Ubuntu ni hii:

```
sudo apt build-dep jina-la-programu
```

Ikikujibu kwamba lazima uweke `deb-src`, maana yake mfumo wako haujaruhusiwa kuchukua vifurushi vya msimbo. Kwenye Ubuntu 24.04 fungua `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, badilisha `Types: deb` iwe `Types: deb deb-src`, kisha endesha `sudo apt update`. Kwenye Fedora amri yake ni `sudo dnf builddep`.

Hatua ya 4: Tenga folda ya ujenzi, kisha sanidi

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usikompaili ndani ya folda ile ile ya msimbo.

```
mkdir jengo-dibagi
cd jengo-dibagi
../configure CFLAGS="-g3 -O0" --prefix=$HOME/majaribio
```

Folda ya pekee inakupa uhuru wa kuwa na majengo kadhaa ya msimbo mmoja: moja la kudibagi, lingine lenye kasi, la tatu lenye vikagua kumbukumbu. Ukichoka na mojawapo, futa folda yake na msimbo unabaki salama.

Sasa swichi. `-g3` inaiambia kompaila iandike alama za kudibagi, yaani ramani inayounganisha maelekezo ya mashine na mistari ya msimbo, pamoja na makro (majina yanayotungwa kwa `#define`). `-g` tupu nayo inatosha kwa kazi nyingi, ila kwa `-g3` unaweza kumwuliza GDB thamani ya makro naye akajibu. `-O0` inazuia uboreshaji. Kompaila inapoboresha, huhamisha mistari, huunganisha fanksheni na kufuta vigeu isivyovihitaji. Programu inakwenda kasi, lakini ukiifuata mstari kwa mstari inarukaruka mbele na nyuma kama panzi.

Pengine utajiuliza: nisipoandika `CFLAGS`, inakuwaje? Skripti za aina hii, zikitumia GCC, huweka zenyewe `-g -O2`. Ndiyo maana watu hupata alama za kudibagi lakini bado wanakutana na `<optimized out>`. Alama zipo, vigeu ndivyo vilivyofutwa.

Kuna pia `-Og`, iliyokuja na GCC 4.8 mwaka 2013, inayoboresha kidogo bila kuvuruga sana kazi ya kudibagi. Maoni yangu: anza na `-O0`, na uhamie `-Og` pale tu programu inapokuwa nzito kiasi cha kukera. Zipo chache zisizokubali `-O0` kabisa. Glibc, maktaba ya C ya GNU, ni mojawapo, haikompailiki bila uboreshaji.

Programu ikiwa ya C++, swichi hizo ziweke kwenye `CXXFLAGS`. Ikiwa na lugha zote mbili, weka kote. `CFLAGS` haigusi C++ hata kidogo, na hakuna onyo litakalokujulisha.

Kuhusu `--prefix`: usipoitaja, programu itasakinishwa chini ya `/usr/local`, na hapo utahitaji `sudo`. Usifanye hivyo kwa jengo la kudibagi. Kwa kweli hata `make install` yenyewe mara nyingi huna haja nayo. Endesha programu pale pale ilipojengwa. `--prefix` tumeiweka kama tahadhari tu, ili siku mkono ukiteleza usije ukaifunika programu ya mfumo.

Hatua ya 5: Kompaili

```
make -j$(nproc)
```

`-j$(nproc)` inatumia viini vyote vya prosesa. Ikitokea hitilafu, endesha tena `make` bila `-j`, kwa maana kazi zikienda sambamba ujumbe huchanganyikana. Kisha soma hitilafu ya kwanza, siyo ya mwisho. Mstari wa mwisho karibu kila mara ni `make` ikitangaza kwamba imeshindwa. Sababu iko juu yake, pengine mistari hamsini juu.

Hatua ya 6: Thibitisha ulichojenga

Usiruke hatua hii. Inachukua sekunde chache tu.

```
file ./hello
```

Kwenye jibu refu utakalopata, tafuta maneno `with debug_info, not stripped`. Ukiona `stripped` peke yake, alama zimekwanguliwa, na dibaga haitakusaidia sana. Ukiona `not stripped` bila `with debug_info`, majina ya fanksheni yapo lakini mistari haipo.

Sasa hakikisha swichi zako zilifika kwa kompaila:

```
readelf --debug-dump=info ./hello | grep -m1 DW_AT_producer
```

GCC huandika swichi ilizotumia ndani ya alama zenyewe. Unatakiwa kuona `-g3 -O0` kwenye mstari huo. Ukiona `-O2` baada ya `-O0` yako, ujue mradi umeongeza ya kwake mwishoni, na kwa GCC inayoshinda ni ya mwisho. Endesha `make clean`, kisha `make V=1` uone amri kamili, utambue inakotoka.

Hatua ya 7: Ingia kwenye dibaga

```
gdb --args ./hello --greeting="Habari"
```

Zingatia `./` mwanzoni. Ndani ya GDB andika:

```
break main
run
next
print argc
print argv[1]
```

`print argc` itajibu `$1 = 2`, na `print argv[1]` itakuonyesha anwani ya kumbukumbu ikifuatiwa na `"--greeting=Habari"`. Ukiyaona hayo, jengo lako liko sawa. Amri utakazotumia kila siku si nyingi: `next` kuvuka mstari, `step` kuingia ndani ya fanksheni, `finish` kutoka nje yake, `info locals` kuona vigeu vyote vya hapo ulipo, `bt` kuona nani kamwita nani mpaka tukafika hapa. Nyingine utajifunza ukizihitaji.

GDB akikuuliza kama uwashe debuginfod, kubali ukiwa na intaneti. Atakuwa anapakua mwenyewe alama za maktaba za mfumo wako pale anapozihitaji.

Hatua ya 8: Iharibu kwa makusudi, kisha umtafute mkosaji

Mazoezi mazuri ni kutafuta hitilafu unayoijua. Fungua `../src/hello.c`. Chini ya `#include <config.h>` ongeza:

```
#include <stdlib.h>
#include <string.h>
```

Kisha, ndani ya `main`, mara baada ya mstari wa `setlocale (LC_ALL, "");`, weka hii:

```
char *jina = getenv ("JINA");
printf ("%zu\n", strlen (jina));
```

Kompaili na uendeshe:

```
make hello
unset JINA
gdb ./hello
run
```

Tunaandika `make hello` badala ya `make` tupu ili isijishughulishe na kingine, kwa mfano kurasa za mwongozo ambazo huzalishwa kwa kuiendesha programu yenyewe. Yetu sasa ni mbovu.

Programu itaanguka kwa `SIGSEGV`, yaani imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Andika `bt`, utaona kitu cha namna hii:

```
#0  __strlen_avx2 () ...
#1  0x... in main (argc=1, argv=0x...) at ../src/hello.c:...
```

Jina la mstari wa kwanza linategemea prosesa yako. Anayeanza akiona hivi husema, "hitilafu iko kwenye `strlen`, maktaba ya C ni mbovu." Si kweli. `strlen` ndiyo iliyoangukiwa. Aliyempa sumu yuko mstari wa chini, #1. Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: shuka kwenye orodha mpaka ufikie fremu (mstari wenye namba kama #0 au #1) ya kwanza iliyo ndani ya msimbo wa programu unayoichunguza, uanzie hapo.

```
frame 1
list
print jina
```

Jibu ni `$1 = 0x0`. Kielekezi ni tupu. `getenv` haikupata kitu kinachoitwa JINA ikarudisha NULL, na hakuna aliyekagua. Hitilafu nyingi sana za kweli zina umbo hilo hilo: thamani mbovu ilizaliwa mahali fulani, ikasafiri kimya kimya, ikalipuka mahali pengine. Ukishajua ilipolipukia, swali linalobaki ni ilizaliwa wapi, na hilo unalijibu kwa kwenda kwa mwitaji wa kila fremu kwa `up` huku ukikagua vigeu kila ngazi.

Rekebisha msimbo kwenye kihariri chako kwa kuongeza `if (jina != NULL)` kabla ya `printf`. Huna haja ya kutoka kwenye GDB. Andika `make hello` humo humo, kisha `run`. Atagundua kwamba faili limebadilika na kusoma upya alama zake. Vituo ulivyoweka vinabaki.

Ikiwa programu haina configure

Angalia faili lililopo kwenye mzizi wa msimbo. Ukikuta `CMakeLists.txt`:

```
cmake -S . -B jengo-dibagi -DCMAKE_BUILD_TYPE=Debug
cmake --build jengo-dibagi -j
```

Usiiache `CMAKE_BUILD_TYPE` wazi: miradi mingi haitaweka alama zozote. Na usikimbilie `RelWithDebInfo` kwa sababu jina lake linavutia. Inaleta `-O2` na pia `-DNDEBUG`, inayozima `assert` zote. Zile `assert` ndizo ambazo zingekupigia kelele mapema.

Ukikuta `meson.build`:

```
meson setup jengo-dibagi --buildtype=debug
meson compile -C jengo-dibagi
```

Kwa Rust, `cargo build` bila `--release` inakupa jengo la kudibagi chini ya `target/debug`. Kwa Go, tumia `go build -gcflags="all=-N -l"`.

Kikagua kumbukumbu

Kuna hitilafu ambazo GDB peke yake atakuzungusha siku nzima: kusoma nje ya mipaka ya safu, kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Programu haianguki pale kosa linapotendeka. Inaanguka baadaye, penginepo kabisa. Tengeneza jengo jingine lenye kikagua kumbukumbu kiitwacho AddressSanitizer (ASan), kuanzia kwenye folda ya msimbo:

```
mkdir jengo-asan
cd jengo-asan
../configure CFLAGS="-g -O1 -fsanitize=address -fno-omit-frame-pointer" LDFLAGS="-fsanitize=address"
make
```

Endesha programu kama kawaida. Kosa likitendeka, itasimama hapo hapo na kuchapa ripoti: kosa la aina gani, mstari upi, na kumbukumbu hiyo iliombwa na kuachiliwa wapi. Kama ujenzi wenyewe unakatizwa na ripoti za kumbukumbu iliyovuja, tanguliza `export ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0`. Usichanganye jengo hili na Valgrind, zana nyingine ya kukagua kumbukumbu; haviendi pamoja. Binafsi naanza na jengo hili kabla hata ya kufungua GDB, kila nikisikia kwamba programu "inaanguka mara nyingine."

Ukikwama

*GDB anasema `No debugging symbols found`.* Ama hukuweka `-g`, ama faili lilikwanguliwa wakati wa kusakinisha (`make install-strip` hufanya hivyo), ama umefungua faili la mfumo. Rudi hatua ya 6.

*GDB anasema hatambui muundo wa faili.* Endesha `file` juu yake. Ukiambiwa ni skripti ya shell, umekutana na libtool: kilichopo hapo ni kifuniko tu, programu halisi imefichwa kwenye folda ya `.libs`. Tumia `./libtool --mode=execute gdb ./programu`.

*Nimebadilisha msimbo, hakuna kinachobadilika.* Karibu kila mara unaendesha programu nyingine. `type -a hello` itakuonyesha zote zilizo kwenye njia ya mfumo. Kama ulichobadilisha ni maktaba, endesha `ldd ./programu` uone ni nakala ipi inayopakiwa. Kama ni ya `/usr/lib`, ielekeze kwako kwa `LD_LIBRARY_PATH`.

*Nimebadilisha `CFLAGS`, hakuna kinachobadilika.* `make` hutazama tarehe za faili tu. Kwake, msimbo haujaguswa, hivyo hakuna cha kufanya. `make clean`, au bora folda mpya.

*`configure` inasema msimbo umeshasanidiwa.* Uliwahi kukompaili ndani ya folda ya msimbo. Nenda huko, endesha `make distclean`, kisha rudi kwenye folda yako ya ujenzi.

*`fatal error: zlib.h: No such file or directory`.* Maktaba unayo, vichwa vyake (faili za `.h`) huna. Kwenye Debian na Ubuntu vimo kwenye vifurushi vinavyoishia na `-dev`, hapa `zlib1g-dev`. Kwenye Fedora, `-devel`.

*`Killed signal terminated program cc1plus`.* RAM imekwisha na mfumo umeua kompaila. Punguza kazi za sambamba: `make -j2`, au hata `-j1`. Hutokea sana kwa miradi mikubwa ya C++, na alama za kudibagi zinazidisha njaa hiyo, hasa wakati wa kuunganisha vipande mwishoni.

*`ptrace: Operation not permitted` ninapojiunga na mchakato unaoendelea.* Ubuntu huzuia mchakato kuchungulia mwingine usio mtoto wake. Tumia `sudo gdb -p` ikifuatiwa na namba ya mchakato.

*Programu ilianguka sikuwa na dibaga.* Kwenye mifumo inayotumia systemd-coredump, andika `coredumpctl gdb`, nawe utaingia kwenye picha ya mwisho ya programu kama ilivyokufa. Kwingineko, tangulia na `ulimit -c unlimited` kwenye terminali ile ile, kisha isababishe ianguke tena.

*Nataka kuwatumia watunzi ripoti.* Wape namba ya toleo au ya badiliko la git, swichi ulizotumia, hatua za kuirudia hitilafu, na matokeo ya `thread apply all bt full` kama maandishi. Picha ya skrini haitafutiki wala hainakiliki, na mara nyingi inakata mstari ule ule wanaouhitaji. Kabla ya kutuma, pitia vigeu vilivyochapwa. Amri ya `bt full` haibagui, hata nywila iliyokuwa kwenye kumbukumbu itatoka.

*Kwa `-O0` hitilafu inatoweka.* Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na usiishie kusema "ni kosa la kompaila." Mara nyingi sana msimbo wenyewe una kosa ambalo uboreshaji unalifichua: kigeu kilichosomwa kabla ya kupewa thamani, mipaka ya safu iliyovukwa, nyuzi mbili (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) zinazogombea data moja. Jenga upya kwa `-O2 -g -Wall -Wextra` usome maonyo yote kwanza. Kisha jenga kwa `-O2 -g -fsanitize=address,undefined`. Kwa nyuzi, jengo la peke yake lenye `-fsanitize=thread`, kwa kuwa haliwezi kukaa pamoja na la `address`. Ikibidi kutumia GDB kwenye jengo la `-O2`, kubali kwamba vigeu vingine havitaonekana, na badala ya kuviuliza ulipo, panda kwa `up` hadi kwa mwitaji. Thamani ile ile mara nyingi bado iko hai huko.